Rangi Ianzie Wapi, Iishie Wapi

Mama yangu ni mwalimu wa Kiswahili. Kipindi cha ushairi huingia darasani na chaki tatu: nyeupe ya kuandikia ubeti, nyekundu ya vina vya kati, kijani ya vina vya mwisho. Kwanza huandika ubeti wote kwa nyeupe, kimya kimya. Kisha hurudi juu na kupita mshororo kwa mshororo akisoma kwa sauti, na kila afikapo kwenye kina huikandamiza chaki ya rangi juu ya silabi ile. Nilikaa katika darasa lake mwaka mmoja, dawati la nyuma, na mpaka leo nikisikia shairi likighaniwa redioni naziona silabi za mwisho zikiwaka.

Likizo moja ya Desemba nilipokwenda Muheza kumsalimia, akaniambia, "Mwanangu, si ndiyo kazi yako hiyo ya programu za simu? Basi nitengenezee ubao." Shuleni simu haziruhusiwi, lakini wakati wa likizo wanafunzi hushika simu za nyumbani, na yeye alitaka watungie humo: mtoto aandike ubeti, vina vijipake rangi vyenyewe, mizani, yaani idadi ya silabi, zihesabiwe pembeni. Nikakubali papo hapo, nikidhani ni kazi ya siku mbili. Kupaka rangi kwenyewe kulinichukua dakika kumi. Miezi iliyofuata ilikwenda kwenye jambo ambalo mama hulimaliza kwa jicho tu: rangi ianzie herufi gani, na iishie herufi gani.

Ubeti wa majaribio alinitungia yeye, palepale barazani, mvua ikianza:

Nimeketi barazani, mvua yaanza kunyesha
Matone ya majanini, yadondoka na kukesha
Vifaranga uwanjani, mama yao awavusha
Jembe lako la ghalani, msimu lakukumbusha

Mishororo minne, kila mmoja mizani 16, 8 za ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili. Kina cha kati ni -ni, cha mwisho ni -sha. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaviona. Simu haioni kitu. Kwake huo ni mfuatano wa herufi zilizopewa namba, kuanzia sifuri.

Kwa wasioandika programu, nieleze kidogo. Kwenye Android, maandishi unayoyaona kwenye skrini kwa kawaida hukaa ndani ya kisanduku kiitwacho TextView. Ukitaka kisanduku chote kiwe chekundu, au herufi zote ziwe nzito, ni amri moja. Ukitaka sehemu tu ya maandishi ibadilike, unayafunga maandishi ndani ya SpannableString, kisha unayabandikia spani. Spani ni alama isiyoonekana inayosema: kuanzia nafasi hii hadi nafasi ile, chora kwa rangi hii. Zipo za rangi ya herufi, za rangi ya nyuma ya herufi, za herufi nzito na za mlalo, za kupigia mstari, za kukuza ukubwa. Amri yake ndiyo hii:

ubeti.setSpan(ForegroundColorSpan(nyekundu), 15, 17, Spanned.SPAN_EXCLUSIVE_EXCLUSIVE)

Hesabu mwenyewe katika mshororo wa kwanza. N ya "Nimeketi" ni nafasi ya 0, n ya mwisho katika "barazani" ni nafasi ya 15, i yake ni ya 16. Mbona basi tumeandika 17? Kwa sababu mwanzo huhesabiwa ndani na mwisho huhesabiwa nje: rangi inaanza 15 na kukoma kabla ya 17, pale penye mkato. Anayeanza huandika 16 na kupata n nyekundu yenye i nyeusi pembeni yake. Kwenye iPhone mambo yako vingine tena, maana huko unataja mahali pa kuanzia na urefu, yaani 15 na 2. Aliyezoea Android akihamia huko bila kukumbuka hilo atapaka rangi nusu ya utao.

Mimi 15 na 17 sikuziandika kwa mkono, bila shaka. Ilibidi programu izitafute. Jaribio langu la kwanza lilikuwa kutafuta "ni" ya kwanza katika mshororo bila kujali herufi kubwa na ndogo. Mshororo wa kwanza ukarudisha 0: "Ni" ya "Nimeketi" ikawa nyekundu. Nikaamuru herufi kubwa zisihesabiwe. Mshororo wa kwanza ukakaa sawa, wa pili ukaharibika, kwa sababu "majanini" ina "ni" mbili zilizofuatana na programu ikashika ile ya mbele. Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa naitafutia programu herufi, wakati mama hatafuti herufi. Yeye anatafuta silabi ya mwisho kabla ya kituo cha pumzi. Kina ni mahali, ndipo huwa sauti. Nikaandika upya: tafuta mkato, rudi nyuma, chukua silabi inayouelekea. Ikawa.

Halafu likaja tatizo lililonikesha usiku mzima. Mahali pote palikuwa sahihi, nimehakikisha kwa kuzichapa namba moja moja, lakini kwenye skrini ni "ghalani" peke yake iliyokuwa na rangi. Mishororo mitatu ya juu ilikuwa myeusi tii. Chanzo kilikuwa hiki: nilikuwa nimeunda spani moja nyekundu mwanzoni, nikaitumia hiyohiyo kwa mishororo yote minne, nikiifikiria kama chaki. Spani haifanani na chaki hata kidogo. Chaki unaipitisha hapa ikaacha alama, unaipitisha pale ikaacha nyingine. Spani ndiyo alama yenyewe. Ukiibandika mara ya pili katika maandishi yaleyale, haizaliani, inahama. Ilikuwa imehama kutoka barazani hadi majanini, hadi uwanjani, ikatua ghalani. Kila silabi inahitaji spani yake mpya. Nimeona wenzangu wengi wakikwama hapahapa, na ndiyo maana nimeliandika kwa urefu.

Kuna mambo madogo nitayapita haraka. Ukiweka alama za herufi nzito katika faili la maneno ya programu kisha ukayasoma kwa getString, mtindo wote unavuliwa, tumia getText. Ukitumia njia ya kugeuza HTML, lugha ya kurasa za wavuti ambayo amri zake huanza kwa alama ya <, kuwa maandishi yenye mitindo, kumbuka kwamba mtumiaji naye anaweza kuandika alama hiyo ya "ndogo kuliko" katikati ya sentensi yake, na maneno yanayofuata yakapotea. Na kwa Kiswahili hasa, angalia ritifaa ya ng'. Kibodi nyingine huweka iliyonyooka, nyingine huweka iliyopinda, na kwa simu hizo ni herufi mbili tofauti kabisa. Programu yangu ilikata "ng'ombe" vipande viwili mpaka nilipoifundisha kuzipokea zote mbili.

Ubao wa mama lakini haukuwa wa kusoma tu, ulikuwa wa kuandikia. Hapo kazi ilibadilika sura. Nilipanga kwamba kila herufi inapoingia programu ikague ubeti mzima, ipake rangi upya, irudishe maandishi kisandukuni. Mama akaishika simu, akaandika "mvua". Ikatokea "auvm". Kila niliporudisha maandishi yote, kishale, kile kialama cha mahali pa kuandikia, kiliruka hadi mwanzo, kwa hiyo herufi iliyofuata iliingia mbele ya zilizotangulia. Akaniangalia, akasema, "Hii inaandika kama Kiarabu, mwanangu, ila inatumia herufi za Kizungu." Dawa yake ni kutorudisha maandishi kabisa. Yaache palepale yalipo, ondoa spani zako za zamani, bandika mpya. Nasema spani zako, kwa sababu kibodi nayo huweka za kwake, ule mstari mwembamba chini ya neno ambalo bado linaandikwa, na ukizifuta zote unaivurugia. Nilitengeneza aina yangu ya spani kwa jina langu ili nifute hizo tu.

Na lile neno refu mwishoni mwa amri, lenye EXCLUSIVE mara mbili, ambalo watu wengi hulinakili bila kulisoma, ndipo lilipojieleza. Linajibu swali hili: mtu akiandika herufi mpya kwenye ukingo wa rangi, herufi hiyo iingie ndani ya rangi au ibaki nje? Mahali fulani nilikuwa nimeruhusu ukingo wa mwisho upokee. Mama akamaliza "barazani", "ni" ikawa nyekundu, akaendelea kuandika mkato na utao, na wekundu ukamfuata mpaka mwisho wa mshororo. Kwa maandishi ya kusomwa tu, neno hilo halina athari. Kwa maandishi yanayoandikwa, linaamua kila kitu.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniuma.

Nilikuwa nimeweka kanuni kwamba kipande kisichotimiza mizani 8 kipakwe manjano nyuma yake. Silabi za Kiswahili zinahesabika vizuri kuliko za lugha nyingi: kila irabu ni mizani moja, basi. "Kaa" ni mbili, "yaanza" ni tatu. Kazi iko kwenye m na n zinazosimama bila irabu. "Mtu" ni m-tu, "nchi" ni n-chi, lakini "ndege" ni nde-ge. Kanuni yangu ilisema m ikifuatwa na konsonanti yoyote isipokuwa b na w, ihesabiwe peke yake. Hivyo "msimu" ikawa m-si-mu, sawasawa. Na "mvua" ikawa m-vu-a.

Mama alifungua ubeti wake mwenyewe, na "mvua yaanza kunyesha" ikawaka manjano. Mizani 9.

Hakusema kitu kwa muda. Akasoma mshororo kwa sauti, akihesabu kwa vidole kama anavyowafundisha watoto: mvu-a-ya-a-nza-ku-nye-sha. Nane. Akarudia. Nane. Kisha akaniuliza taratibu kabisa, "Kwa hiyo mimi nimekosea?" Mwanamke aliyesahihisha maelfu ya beti maishani mwake alikuwa amekaa mbele ya simu yangu akijikagua, kwa sababu ya rangi niliyoipaka mimi kwa kanuni ya mistari sita. Niliona haya. Mpaka wakati huo nilikuwa nikiichukulia rangi kama pambo la juu, kitu unachoongeza baada ya kazi ya kweli kwisha. Nyumbani tuna msahafu wa tajwidi wa rangi, ule wenye herufi zilizopakwa kuonyesha mahali pa kuvuta na mahali pa kughunisha, na mtoto anayejifunza huufuata kwa imani yote. Hakuna anayeziita rangi zile pambo. Rangi ni usemi. Manjano yangu yalimwambia mama kwamba ubeti wake una ila, na yalimwambia kwa uhakika ambao mimi mwenyewe sikuwa nao.

Nikatoa manjano siku ileile. Nikaweka namba tu pembeni, rangi ya kijivu, na nikaruhusu mwandishi agandamize m yoyote kwa kidole kuiambia programu: hii ni mizani, au hii siyo. Chaguo lake linahifadhiwa pamoja na neno. Kwa nini sikuandika tu kanuni bora? Kwa sababu kuna mahali ambapo herufi zenyewe hazitoshi. "Ambaye" ni a-mba-ye, mizani 3. "Ambeba", yule aliyembeba mtoto, ni a-m-be-ba, mizani 4. Mwanzo wa maneno hayo mawili ni uleule, a, m, b. Kuyatofautisha kunahitaji kujua kwamba katika moja m ni mtu anayebebwa. Programu haijui habari za mtu anayebebwa.

Baada ya hapo nilianza kuliuliza kila badiliko la mtindo swali moja: linamwambia nini msomaji, na litamfikia?

Lilikuwa halimfikii kila mmoja. Kijana mmoja katika darasa la mama alisema vina vyote anaviona rangi moja. Nyekundu na kijani, kumbe, ni rangi ambazo baadhi ya watu hawazitofautishi, wanaume zaidi kuliko wanawake. Mama akanyamaza, akaniambia baadaye kwamba alikuwa akijiuliza ni wangapi waliokaa mbele ya ubao wake miaka yote hiyo wakiona chaki moja. Miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, kuhusu ufikivu inasema wazi kwamba rangi isiwe njia pekee ya kupeleka ujumbe, na kwamba maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Nilikuwa nimeisoma kazini na kuipita. Sasa vina vya kati vina rangi na mstari chini. Vya mwisho vina rangi peke yake.

Kwa nini mstari na si herufi nzito? Hapa kuna jambo la kiufundi ninalolipenda. Rangi na mstari wa chini havibadilishi upana wa herufi. Simu inachora upya tu. Herufi nzito ni pana zaidi, kwa hiyo simu inalazimika kupima na kupanga mistari upya. Katika toleo la awali, kitufe cha "onyesha vina" kilizifanya silabi kuwa nzito, na kila alipokigusa mtu, neno la mwisho la mshororo liliangukia mstari wa chini, kisha likarudi juu alipokizima. Ubeti ukawa unachezacheza. Shairi halivumilii hilo. Mahali mshororo unapokatika ni sehemu ya maana yake.

Ukubwa wa herufi nao. Mama ameweka herufi kubwa katika mipangilio ya simu yake, kama wengi wa rika lake. Kwangu zilitokea ndogo, maana mahali fulani nilikuwa nimeuweka ukubwa kwa pikseli halisi. Kipimo sahihi kwa maandishi ni sp, kwa kuwa kinatii chaguo la mwenye simu, na tangu Android 14 chaguo hilo linaweza kufika asilimia 200. Nilipokirekebisha, mizani 16 hazikutosha tena katika mstari mmoja. Sikuzipunguza herufi. Nafasi ikiwa finyu, programu inaukata mshororo penye mkato, ukwapi juu, utao chini umesogezwa ndani kidogo. Mama alisema unasomeka vizuri kuliko ulivyokuwa.

Mwonekano wa giza, uliokuja rasmi na Android 10 mwaka 2019, uliimeza kijani yangu ya kukolea. Hiyo ilikuwa rahisi: rangi zisiandikwe ndani ya msimbo, ziwekwe katika faili la rangi, moja la mchana na moja la usiku.

Siku hizi nimehamia Jetpack Compose, zana mpya zaidi ya kujengea skrini za Android, iliyofikia toleo la 1.0 mwezi Julai 2021. Huko hubandiki spani juu ya maandishi yaliyopo. Unaunda AnnotatedString mpya yenye mitindo ndani yake, na skrini inajichora upya. Lile tatizo la spani inayohama halipo. Kishale hakiruki, mradi uyape mtindo katika hatua ya kuonyesha na usiyaguse maandishi yenyewe. Msimbo umepungua karibu nusu. Sehemu inayotafuta silabi haijapungua hata mstari mmoja, imeongezeka.

Wiki iliyopita mama alinitumia mshororo mmoja tu, bila salamu, jambo ambalo si kawaida yake:

Mbuni akipita mbio, mbuni wayumbayumba

Nikauingiza. Ukwapi, 8. Utao, 7. Nikaugandamiza m wa utao, ikawa 8, nikampigia simu kumwambia kwamba mbuni wa kwanza ni ndege, mbu-ni, na wa pili ni mti wa kahawa, m-bu-ni, na kwamba hapo programu haiwezi kujua bila kuambiwa. "Inaweza," akasema. "Iangalie kinachofuata. Ndege *a*kipita, mti *wa*yumba. Upatanisho umeshakwambia." Nikamjibu kwamba "wa" inaweza kuwa ya watu wengi pia, watu nao wayumba. Akafikiri. Nikasikia kuku nyuma yake, na mlango wa jiko ukifungwa. "Basi usiitie rangi hiyo," akasema. "Iache nyeupe kwanza, ngoja nikuletee mifano."

Ameshaleta 11.